Gasketi Yangu na Posa ya Sabra

Jumatano, 11 Desemba 2024

Siku mbaya. Mbaya kabisa, na ilianza vizuri.

Asubuhi dada yangu Halima kapiga simu kutoka Mpapura. Tarehe ya posa ya binti yake Sabra imepatikana! Jumamosi ya tarehe 21, baada ya adhuhuri, upande wa yule mwalimu Yusufu wanakuja na mahari. Dada akaniomba nisichelewe. Mimi! Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye mjomba mkubwa, na kwetu baba huzaa lakini mjomba ndiye hujibu. Hata marehemu shemeji angekuwa hai, angekaa pembeni. Washenga waje na wazee mia. Mjomba asipoketi mkekani, hakuna anayefungua mdomo. Na akishajibu hufungwa kilemba kipya kichwani, watu wanaona. Dada akasema yote hayo anayajua, ndiyo maana ananiomba nisichelewe.

Kisha Sabra mwenyewe akachukua simu. Akasema anataka nimjibie mimi, hamtaki mwingine. Huyu mtoto nilimfundisha kusoma mimi, kwa vipande vya magazeti vya kufungia maandazi. Nikamwambia nitakuja. Nitakuja na gari langu mwenyewe, nitaliegesha mbele ya turubai, wote walione.

Jioni nikalitoa gari tukatembee ufukweni hapa Shangani, mimi na mke wangu Hawa. Watu wamevaa vizuri, wanapunga upepo, wanasalimiana. Mshale wa joto ukapanda. Ukapanda tena. Mbele ya nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu gari likachemsha. Moshi mweupe mbele, moshi mweupe nyuma! Mama mmoja akawavuta watoto wake upande wa pili wa barabara. Hawa akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Yeye gari hili huliita mke mwenzake. Leo kasema mke mwenza wa kweli angekuwa na haya.

Alhamisi, 12 Desemba 2024

Kwa fundi Danieli. Mtu wa Mbeya, mlokole, hasemi uongo hata wa kufariji. Ndiyo kasoro yake. Karakana yake ni mabati mawili kandokando ya barabara, na kila aendaye Shangani lazima apite hapo.

Akafungua kifuniko cha oili. Ndani kumeganda kitu cheupe kama tui la nazi. Akanionyesha kidoleni. Akafungua rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, akaniambia niwashe. Mapovu! Akasema gasketi ya hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya injini na kichwa chake, imekufa. Maji yanaingia kwenye oili, moshi unaingia kwenye maji, na kila kitu kiko mahali pa mwenzake. Dawa ni moja tu: kufungua hedi, kuipeleka ikasawazishwe kwa mashine, kuweka gasketi mpya. Siku nne. Nikimwachia kesho, Jumanne ninalo, na siku ya posa nitaenda na kurudi bila wasiwasi.

Siku nne! Gari langu likae siku nne barabarani, boneti juu, injini vipande vipande kwenye gunia, na mdogo wangu Nassoro anapita hapo kila asubuhi na pikipiki yake! Nassoro anakaa Mtawanya, anauza pweza wa Msimbati, tenga lake unalisikia harufu kabla hujaliona. Na bado kila mtu anamwita mtu wa maana. Najua angefanya nini. Angesimama. Angenipa pole. Mimi pole ya Nassoro siiwezi.

Nikamwambia Danieli nitafikiri. Akasema sawa, ila gasketi haitafikiri.

Ijumaa, 13 Desemba 2024

Nimepata!

Baada ya sala nilipita kwa Ismaili wa duka la spea. Ismaili ni mtu anayeijua dunia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapanda kistuli, akachomoa chupa rafu ya juu, akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. Dawa ya kuziba. Unaimimina kwenye rejeta, inazunguka na maji, ikikuta ufa inaganda hapo hapo. Hakuna kufungua kitu. Hakuna boneti juu. Kwenye chupa kuna picha ya injini inatabasamu. Nilipouliza inadumu muda gani, Ismaili akasema inategemea gari na gari. Jibu la kitaalamu.

Nyuma ya chupa pana maelezo marefu. Safisha rejeta kwanza. Tumia chupa moja tu. Iache injini ipoe mpaka kesho yake. Na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, kwamba hii ni ya muda tu, mpaka umfikie fundi. Hayo huandikwa kwa ajili ya waoga.

Nikamimina. Nikawasha. Nikauangalia mshale kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. Haukupanda! Mapovu yakapungua, yakaisha. Moshi ukawa mwembamba. Nikamwita Hawa atoke ashuhudie. Akatoka, akatazama, akauliza kama Danieli ameliona. Nikasema wengine tuna akili zetu. Akarudi jikoni.

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Nimekwenda Mtawanya bila sababu yoyote. Honi mara tatu nje ya kwa Nassoro.

Akatoka na kisu mkononi, anasafisha pweza, akafurahi kuniona. Ndivyo alivyo, ukimringia anadhani umemtembelea. Tukaongea habari za posa. Akashauri twende pamoja kwa pikipiki yake Ijumaa, tumsaidie dada kufunga turubai. Eti saa moja tu tumefika. Mimi! Mjomba mkubwa, mgongoni mwa Nassoro, nimeshika kiuno chake, kanzu imejaa vumbi! Nikamwonyesha gari. Nikamwambia kama anataka aje yeye na mimi, kiti cha nyuma kipo wazi. Akashukuru, akasema atatangulia tu, kazi ni nyingi. Kisha akauliza kwa nini chini ya gari kunadondoka maji. Nikamwambia ni ya kiyoyozi. Kiyoyozi cha gari hili kilikufa kabla sijalinunua, lakini Nassoro atajuaje?

Wakati wa kurudi mshale ulisogea kidogo. Kidogo sana. Jua lilikuwa kali.

Jumatatu, 16 Desemba 2024

Maji yameisha tena. Chini pakavu, tone moja moja tu. Basi lita tatu zimekwenda wapi? Injini inazinywa. Ninafuga mlevi wa maji.

Kwa Ismaili tena. Akasema chupa moja ni dozi ya gari changa. Langu ni zee, linataka dozi ya mzee. Nikachukua tatu, moja ya akiba. Hawa akavaa miwani yangu, akasoma, akanionyesha palipoandikwa chupa moja tu. Nikamuuliza tangu lini amekuwa fundi. Akaniuliza na mimi tangu lini.

Nikamimina mbili kwa mpigo. Mshale ukapanda haraka kuliko siku ya kwanza, kama umetumwa.

Danieli kapita na baiskeli yake, akasimama bila kuitwa. Akagusa rejeta juu: moto. Akagusa chini: baridi. Akasema nimeiziba rejeta yote. Dawa haijui tundu la kuvuja na tundu la kupitisha maji. Kwake yote ni matundu. Kisha akasema maneno ambayo bado yananichoma. Akasema nikimpa gari leo, leo hii, ataacha kazi nyingine zote na Ijumaa jioni atanirudishia zima. Kesho haitawezekana tena.

Nikamshukuru. Nikasema nitampigia.

Sijampigia. Nimeishika simu mchana kutwa. Ningempa, kesho asubuhi Nassoro angeliona. Ijumaa angelifikisha hilo Mpapura, bila ubaya, kwa huruma tu, na mimi ningeketi mkekani nikiwa tayari nimeshasimuliwa. Sikuweza. Mungu anajua nilijaribu.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva mpaka magharibi. Nikataka kulia. Jirani akawa anatazama, nikawasha redio. Betri nayo imechoka.

Jumanne, 17 Desemba 2024

Sikutoka ndani.

Jumatano, 18 Desemba 2024

Mayai!

Ismaili amenifungua macho. Madereva wa zamani wa malori ya Masasi hawakuwa na dawa za chupa, walikuwa na mayai. Ute wa yai ukikutana na maji ya moto unaganda, unajipenyeza kwenye ufa, unakaa. Na rejeta iliyoziba? Akasema nipige maji ya bomba kwa nguvu, itazibuka. Nikapiga maji. Ikatoa matope ya dawa, kisha ikatoa kitu kama uji, kisha ikapitisha. Kidogo, lakini ikapitisha. Nikachukua mayai sita jikoni, nikawasha injini, nikavunja moja baada ya jingine, maganda nikarusha uani.

Harufu ikatoka ya chipsi mayai. Paka watatu wakaja kukaa chini ya boneti. Jirani akapiga hodi kuuliza kama tumefungua mgahawa.

Lakini limetulia! Nimekwenda mpaka Mikindani na kurudi. Mshale katikati, haukutikisika. Nilipowapita watu niliwapungia mkono hata nisiowajua.

Hawa aliuliza mayai yake yako wapi. Yalikuwa ya keki ya kumpelekea Sabra. Nilimwambia yamefanya kazi kubwa zaidi kwa ajili ya Sabra huyo huyo. Amenigeuzia mgongo toka saa kumi.

Ijumaa, 20 Desemba 2024

Hawa kaondoka asubuhi kwa basi na akina mama wenzake. Mayai alinunua mengine, keki mbili, amezibeba mwenyewe. Alisimama mlangoni akasema kwenye basi kuna nafasi, na kanzu yangu ameshaipiga pasi. Nikamwambia mjomba hashuki kwenye basi siku ya kujibu posa. Akasema mjomba wa basi anamshinda mjomba ambaye hajafika. Ulimi gani huu? Nikamwambia kesho ataliona vumbi langu.

Nimeliosha gari. Nimelipaka tairi mafuta. Nimepakia: ndoo mbili za maji, chupa ya akiba, manukato, kofia. Kesho natoka saa tatu asubuhi. Muda tele. Adhuhuri nitaiswali Mpapura.

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Saa nne na robo asubuhi. Natoka. Betri iligoma, majirani wamesukuma. Kanzu imechafuka kidogo mkononi. Bismillahi.

Saa tano. Nimepita Mikindani. Mshale katikati. Naimba.

Saa tano na robo. Kilima. Mshale hauko katikati. Nimeacha kuimba.

Saa tano na nusu. Nimesimama kandokando ya barabara. Naisikia injini inatokota. Haraka haraka haina baraka. Ikipoa nitaongeza maji na chupa ya akiba.

Saa saba kasoro. Nimeongeza. Nimekwenda hatua mia mbili. Ndoo ya kwanza imekwisha.

Saa saba. Halima kapiga. Upande wa Yusufu wamefika, wazee saba, akina mama na masinia. Akauliza niko wapi. Nikasema ndiyo naingia, dakika kumi. Humu naandika kweli kwa kuwa hakuna anayesoma: hata kilima sijakimaliza.

Saa saba na nusu. Lori la matofali limesimama. Dereva anapita Mpapura hasa, nafasi ipo mbele. Nikamshukuru, nikasema namsubiri fundi. Nishuke kwenye lori la matofali mbele ya wakwe? Likaondoka. Nimelitazama mpaka likapotea.

Saa nane. Halima tena. Nassoro yuko tayari kuja kunichukua na pikipiki, nusu saa tu, niseme nilipo. Nikasema asijisumbue, nimeshaiona mikorosho ya Mpapura. Dakika kumi. Mikorosho naiona kweli. Ni ya mtu wa hapa.

Saa tisa kasoro robo. Wazo!

Kuna bibi anauza unga wa muhogo mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nauangalia unga wake bila kuuona. Unga wa muhogo ukikutana na maji ya moto unafanya nini? Unashikana. Unashikana kuliko kitu chochote anachouza Ismaili. Wanaotengeneza hizo dawa hawajawahi kusonga ugali wa muhogo, ndiyo maana wanahangaika. Mimi nimekulia humo! Nimenunua vibaba viwili. Bibi akaniuliza kama nina sufuria, akitaka kuniazima. Nikamwambia ninayo.

Saa tisa na robo. Nimeukoroga na maji ya ndoo ya pili, nimeumimina wote, nimewasha. Mvujo umekoma. Hakuna hata tone. Hakuna! Natamani Danieli angekuwepo.

Saa tisa na dakika ishirini. Halima. Sauti yake imebadilika. Wazee wanataka kurudi kwao kabla ya giza. Sabra hataki waanze bila mimi, kajifungia chumbani. Akaniomba kwa jina la mama yetu nimwambie niko wapi. Nikasema dakika kumi, na safari hii niliamini.

Saa tisa na nusu. Kifuniko cha rejeta kimeruka. Sijui kimeangukia wapi. Ugali umetoka. Si utani. Ugali mweupe, wa moto, unapanda na kumwagika juu ya injini, pembeni unaungua. Nilikuwa nimeinama. Kifua chote cha kanzu! Bibi kavuka barabara, kasimama, kautazama muda mrefu. Kasema katikati bado mbichi.

Saa kumi na nusu. Simu hailii. Mtandao upo, nimeangalia. Hakuna anayeniuliza niko wapi. Kwa nini hawaniulizi?

Jumapili, 22 Desemba 2024

Naandika nikiwa uani kwa Halima. Wengine wanaosha masinia. Nimejitolea kusaidia, wameniambia nipumzike.

Nilifika jana saa kumi na moja na nusu, nyuma ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha mchuuzi wa kuku. Nilimsimamisha mwenyewe, nikamshika mkono, nikamsihi. Kwa hiyo ningeweza tangu saa saba. Nimelifikiria hilo usiku kucha.

Walisubiri saa tatu na nusu. Wali ukapoa. Halima aliingia chumbani kwa Sabra mara mbili, Sabra akakataa. Mara ya tatu mtoto akalia, akasema basi, mama afanye anavyoona. Wakamketisha Nassoro.

Niliposhuka nilimkuta hapo. Mkekani, mahali pangu. Ameulizwa, amejibu, dua imeshasomwa, kilemba kipya kiko kichwani mwake, kimefungwa na mkono wa mzee wa upande wa pili. Na kilimpendeza. Nassoro akaniona. Akainuka hapo hapo, akakivua, akaja mpaka niliposimama na manyoya ya kuku mabegani, akanivika mbele ya wote. Akasema hapa ndipo pake, yeye alikishika tu. Watu wakasema mashallah. Wazee wakanipa mkono.

Angenitukana ningepona. Tusi lina pa kushika. Hili nitalishika wapi? Hata hicho kilemba hakikukaa. Kilifungwa kwa kichwa chake, kikanishuka mpaka machoni. Nikakiacha hapo. Ilikuwa afadhali nisione.

Sabra akapita na sinia la haluwa. Hakunilaumu. Akaniuliza kama nimekula. Kabla sijajibu akaona kifua cha kanzu, ugali umekaukia. Akasema anaona nimeshakula. Akaenda zake.

Hawa naye alikuja na maji. Alilowesha kitambaa akanifuta kifua kama mtu anayemfuta mgonjwa.

Asubuhi hii Halima alikuja kukaa karibu nami. Akasema hawakuwa wanalisubiri gari. Walikuwa wananisubiri mimi. Ningetaja nilipo mara ya kwanza tu, Nassoro angenileta wali ungali wa moto. Akasema mtoto anajibiwa posa yake mara moja, kaka, na ile mara moja hukuwepo. Hakupaza sauti. Akainuka kwenda kuwapa kuku makombo.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Nililia kama mtoto, na nilistahili.

Jumanne, 24 Desemba 2024

Danieli kalivuta gari kwa kamba mpaka karakana. Ametoa kwenye rejeta dawa, mayai na ugali, akavipanga juu ya bati nivione. Akasema miaka yote ya ufundi hajawahi kukuta injini iliyoshiba. Gasketi mpya inatoka Dar, itafika Jumatatu. Ijumaa tarehe 3 gari litakuwa zima, safari hii akaniomba, akaniomba kweli, nisiweke kitu.

Boneti juu. Barabarani. Nassoro kapita, kasimama, kanipa pole. Kaniachia na pweza. Nimemla. Alikuwa mtamu, na hilo nalo limeniuma.

Jumapili, 29 Desemba 2024

Sabra kapiga simu leo! Mwenyewe!

Ndoa ni Jumamosi hii, tarehe 4, Mpapura, na jioni anapelekwa kwa mumewe Mikindani. Akaniomba nije Alhamisi, siku mbili kabla, kwa basi, na Hawa, tulale huko. Akasema hataki zawadi. Hataki gari. Anachotaka ni kwamba siku hiyo akitoka mlangoni, mtu wa kwanza kumwona awe mimi. Niwepo tu, basi.

Nilishika ukuta. Amenisamehe, huyu mtoto, na mimi sikumfanyia lolote la kustahili. Machozi yalinitoka nikayaacha. Nimekuwa mtu wa hovyo. Nimemwaibisha dada, nimemliza mtoto, nimemdharau ndugu yangu wa tumbo moja aliyenivika kilemba. Yote kwa sababu ya kosa langu moja, ambalo leo naliona waziwazi.

Nilichanganya. Dawa peke yake ingeshika. Mayai peke yake yalishika, mpaka Mikindani na kurudi! Muhogo nao ulitaka muda tu. Lakini vyote kwa pamoja vikagombana humo ndani.

Ismaili amepokea mpya jana. Ina unga wa shaba, inaganda ikawa chuma. Ameniwekea moja. Moja tu, sasa nasoma maelezo. Asubuhi, Danieli akiwa kanisani, nimelisukuma gari mpaka nyumbani na majirani wale wale. Gasketi ya Dar ikifika airudishe alikoiagiza, sitaki kumsumbua mtu wa watu sikukuu zote hizi.

Kwa hiyo nilipopata sauti nikamwambia Sabra aondoe wasiwasi. Hakuna basi. Nitakuja na gari, asubuhi ya siku yenyewe, na jioni nitamchukua bibi harusi mimi mwenyewe, kiti cha nyuma, maua juu ya boneti, nimshushe mlangoni kwa mumewe.

Hakusema kitu. Nikasikia anapumua. Nikangoja, sikumharakisha. Muda mrefu, mpaka simu ikakatika.

Kwetu mwali akinyamaza, amekubali.